Kwa kina baba mnaolea peke yenu: milango niliyoigonga Mwanza, iliyofunguka na iliyogoma

Fundi Baridi (mtoa mada)

Habari za jioni wakuu.

Uzi ni mrefu. Naomba mnivumilie, maana miezi kumi na tisa iliyopita nilitafuta uzi kama huu usiku wa manane huku mtoto akinililia kifuani, na sikuupata.

Mke wangu alifariki akaniachia watoto wawili. Wa kike alikuwa ndiyo kwanza ameanza darasa la kwanza, wa kiume alikuwa na miezi minne. Mimi ni fundi wa friji na viyoyozi, naishi Buswelu, Ilemela. Wakati wa msiba nyumba ilijaa watu, kila chumba kina mgeni. Baada ya arobaini wakaanza kuondoka mmoja mmoja, na karibu kila aliyeniaga aliniachia neno lilelile: wapeleke watoto kijijini kwa bibi yao, wewe mwanaume utawawezea wapi. Sikuwapeleka. Bibi yao macho hayaoni vizuri, kisima kiko mbali, na mimi nilikuwa nawataka wanangu.

Kiswahili kina neno la mwanaume aliyefiwa na mke: mgane. Nilikuwa silijui mpaka karani mmoja aliponiandikia kwenye fomu. Mjane anajulikana, ana vikundi, kanisani anaombewa. Mgane hata neno lake watu wanakuuliza maana yake. Nalitaja kwa sababu nilikuja kuona kwamba shida yangu ilianzia hapo: kila ofisi niliyoingia nilikuwa mtu ambaye hakutarajiwa.

Mlango wa kwanza ulikuwa kliniki ya mtoto. Siku ya kupima uzito niliwahi foleni, kadi mkononi, mtoto nimembeba mgongoni kwa kanga ya mama yake. Nesi akatoka akasema, "Kina mama wa uzito, huku." Nikaenda na kina mama. Nilipofika mezani akaniuliza mama yuko wapi. Nikamwambia amefariki. Akasema basi mlete bibi au shangazi, maelezo ya chakula nampa mwanamke. Nilirudi kwenye benchi nikakaa, sikujua niondoke au nibaki.

Pembeni yangu alikuwepo mama mtu mzima, amemleta mjukuu. Akaniambia, "Baba, mtoto anateleza huyo." Akasimama, akaifungua ile kanga, akanionyesha pale pale mbele ya watu: inama kidogo, mlaze mtoto kifua chake kiguse mgongo wako, miguu ikukumbatie kiuno, pindo la chini lishike makalio yake vizuri, la juu lipite chini ya makwapa yako, kisha kaza kifuani na usokomeze ncha. Akanifungua, akaniambia nifunge mwenyewe. Nikafunga mara tatu. Mara ya tatu akapiga piga mgongo wa mtoto akasema, "Sasa unaweza kufagia." Mpaka leo nikifunga mbeleko namkumbuka.

Ni yeye aliyeniambia nisiondoke, nimsubiri nesi mwingine wa zamu. Huyo wa pili alinisikiliza. Aliona kwenye kadi mstari wa uzito umelala, akaniuliza maziwa ya kopo nachanganyaje. Nikamwambia ukweli: nilikuwa napunguza unga ili kopo lifike mwisho wa mwezi. Hakunigombeza. Alinieleza kwamba maziwa mepesi yanajaza tumbo bila kumlisha mtoto, na kwamba kikombe kidogo kilichooshwa vizuri ni salama kuliko chupa, maana chupa ina kona zisizofikiwa na maji. Akaniunganisha na afisa lishe wa halmashauri, na akanipa jina la mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa mtaa wetu, hawa wanaoitwa WAJA. Yule dada alikuja nyumbani Jumamosi, akakaa jikoni, akataka kuona nachanganya kwa macho yake.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike.

Nilikwenda ofisi ya kata nikauliza, "Kuna mradi wowote wa kusaidia kina baba?" Jibu: hakuna. Nikauliza kwenye asasi mbili za mjini, jibu hilohilo. Nikauliza mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani. Nikaelezwa mgao: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Baba kwa ubaba wake hayumo. Nilitoka pale nimechoka kabisa, nikajiambia huu mji hauna mahali pangu.

Wiki iliyofuata nilirudi kata kwa shughuli nyingine, ya cheti cha kuzaliwa cha mdogo. Nikiwa pale nikamuuliza afisa maendeleo ya jamii swali tofauti. Sikutaja baba. Nilisema, "Kuna nini hapa kwa ajili ya mtoto wa chini ya miaka 5 aliyefiwa na mama?" Wakuu, yule mama alivuta kiti. Cheti chenyewe kwanza: mtoto wa chini ya miaka 5 anasajiliwa chini ya mpango wa RITA, wakala wa serikali wa usajili, kwenye ofisi ya kata au kituo cha afya, bila malipo. Akaniambia kuna kikundi cha malezi kwenye mtaa wa jirani, kinakutana kila baada ya wiki mbili. Akanieleza kwamba taifa lina programu nzima ya malezi ya watoto wadogo, PJT-MMMAM, iliyozinduliwa Desemba 2021, na kwamba kwenye mikutano yake wanahimizwa kila siku kuwaleta kina baba, ila hawaji. Akaniandikia barua kwenda kwa afisa ustawi wa jamii.

Ofisi zilezile, wiki moja tu imepita. Kilichobadilika ni swali. Ndiyo maana namwambia kila baba anayenifuata: usitafute mlango ulioandikwa "baba", utazunguka bure. Ingia mlango wa mtoto. Mtoto ana sheria, ana bajeti, ana maafisa. Wewe ndiye unayemshika mkono, kwa hiyo unaingia naye.

Kingine ambacho wanaume wengi hatukijui: kama marehemu alikuwa anachangia mfuko wa hifadhi ya jamii, fuatilia mafao ya urithi. Mke wangu aliajiriwa kwenye duka la vifaa, alikatwa NSSF kila mwezi. Nilidhani mafao hayo ni ya wajane. Si kweli, mgane na watoto wamo. Vinatakiwa vyeti: cha ndoa, cha kifo, vya kuzaliwa vya watoto, na nyaraka nyingine watakazokutajia. Anza mapema, maana cheti kimoja kikikosekana unarudi nyuma.

Kwenye kikundi cha malezi tulikuwa wanawake kumi na wanne na mimi. Mara mbili za kwanza walikuwa wakizungumza wananitazama, wanapunguza maneno. Mara ya tatu nilienda na binti yangu nywele zikiwa zimesimama, maana kumsuka nilikuwa sijui. Dada mmoja akaniita, akanipa chanuo na mafuta, akaniambia gawanya. Nilijifunza mistari minne ya twende kilioni siku ile. Tangu hapo nikawa mwenzao. Mwaka huu tumefika wanaume watano: wawili wagane, mmoja mkewe yuko Uarabuni kikazi, wawili wameachana na wenzao. Jumapili jioni tunakutana wenyewe karakana kwangu, watoto wanacheza nje. Tunachanga kidogo, ila zaidi tunaulizana: homa hii unafanyaje, binti akianza kukua nani ataongea naye, wewe unalala saa ngapi.

Hayo ndiyo yangu. Mlioko mikoa mingine ongezeni, nitarudi.

---

Mama wa Kimara

Pole sana kaka kwa msiba. Nimesoma nikalia hapo kwenye mbeleko.

Ila niseme la moyoni. Mimi nimelea watatu peke yangu miaka tisa, baba yao yupo hai na anajua tunapoishi. Ninapoona watu wanasema kina baba watengenezewe miradi, najiuliza hizo fedha zitatoka wapi kama si kwenye kile kidogo chetu. Wewe ni mmoja. Waliokimbia kama baba wa watoto wangu ni wengi.

---

Fundi Baridi (mtoa mada)

Dada, uko sahihi kuuliza, na pole kwa miaka tisa hiyo.

Sijaomba hata shilingi itoke kwa kina mama. Ninachokitaka kwa serikali ni kidogo: yule nesi wa kwanza afundishwe kunipa mimi maelezo ya chakula cha mtoto. Halina gharama. Na kuhusu wanaokimbia, nadhani wengine walikimbia kwa sababu tangu mwanzo hakuna aliyewaambia kuna kazi yao ndani ya nyumba zaidi ya kuleta hela. Hela ikikata, wakajiona hawana cha kubakia. Sisemi ni udhuru. Nasema akipatikana wa kumwambia mapema, mmojawapo angebaki.

---

Afisa Ustawi Mstaafu

Mtoa mada umesema kweli tupu. Nimefanya kazi ustawi wa jamii miaka mingi, wilaya nne tofauti. Wanaume wakija ofisini kwetu huwa wameitwa, wamelalamikiwa matunzo. Anayekuja mwenyewe kuomba msaada ni wa kuhesabika, na akija anaanza kwa kuomba radhi.

Niwaambie wale walioachana na wenzao, maana hao ndio wengi. Sheria ya Mtoto ya 2009 inazungumzia haki ya mtoto ambaye wazazi wake wametengana: ana haki ya matunzo na elimu, ya kuishi na mzazi ambaye mahakama itaona anaweza kumlea kwa maslahi yake, na ya kumtembelea na kukaa na mzazi wa pili, mradi masomo yake yasivurugike. Soma tena hapo. Haki ya kukutembelea ni ya mtoto. Ukija ofisini ukisema "nataka haki yangu" unaanza ugomvi. Ukisema "mwanangu ana haki ya kuniona, naomba tupangiwe utaratibu," afisa ana pa kuanzia.

Ni kweli kuna dhana ya kisheria kwamba mtoto chini ya miaka 7 ni vema akae na mama yake. Dhana hiyo hupingwa kwa ushahidi, si kwa kumnyakua mtoto shuleni. Nimeona wanaume wema wakiharibu kesi zao kwa siku moja ya hasira.

Utaratibu: anza serikali ya mtaa, kisha ustawi wa jamii. Kama ni ndoa inayoyumba, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mpitie baraza la usuluhishi kabla ya kudai talaka mahakamani. Uliza wasaidizi wa kisheria katani kwako, wapo kwa mujibu wa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 na huduma yao ni bure. Na kama mtoto yuko hatarini, piga 116, ni bure pia, na baba anaruhusiwa kupiga kama mtu mwingine yeyote. Toa matunzo hata kama umezuiwa kumwona, na toa kwa njia yenye kumbukumbu. Muamala wa simu ni shahidi mzuri.

---

Baba Pacha

Mimi niko Dodoma. Pacha wangu walizaliwa njiti. Mke alikuwa na hali mbaya, watoto wawili kifua kimoja hakitoshi. Daktari akaniuliza kama naweza kumbeba mmoja kwa njia ya kangaruu. Nilivua shati, wakamweka kifuani, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, wakatufunika. Alikuwa mwepesi kama kuku wa wiki chache. Nilikaa hivyo saa nyingi nasikiliza anapumua, nikiogopa hata kukohoa.

Shida ikaja kazini. Wakati huo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ilikuwa inampa baba angalau siku 3 zenye malipo, na zichukuliwe ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Siku 3, watoto wako wodini wiki tano! Nilimaliza likizo yangu ya mwaka, kisha nikawa nalala wodini naenda kazini asubuhi. Kenya wenzetu sheria yao ya 2007 inatoa wiki 2. Wakubwa wanaopita humu walione hili.

---

Bin Likoni

Asalaam aleikum. Naandika kutoka Mombasa. Ndugu Fundi, Mungu amrehemu mkeo.

Huku kwetu katiba ya 2010, kifungu cha 53, imesema wazi kuwa mtoto ana haki ya malezi ya wazazi wote wawili, na jukumu la mama na baba ni sawa, wawe wameoana au hawakuoana. Sheria ya Watoto ya 2022 ikafuatia. Afisa wa watoto yuko kila kaunti ndogo, na sisi Waislamu tuna kadhi pia.

Lakini mwanamume wa pwani akiwa na dhiki haendi ofisini, huenda barazani. Na barazani twazungumza mpira na siasa mpaka isha, mtu atoka pale na dhiki yake ileile. Mtaani kwetu imamu alijaribu jambo. Baada ya darsa ya Alhamisi aliwataka wenye watoto wadogo wabaki, akaanza yeye mwenyewe kueleza alivyoshindwa kuzungumza na mwanawe wa kiume alipobaleghe. Watu walinyamaza kimya. Kisha mzee mmoja akasema na yeye. Sasa ni mwaka wa pili. Kwa hivyo natia jambo hili kwenye orodha yako: msikiti. Na makanisani najua kuna jumuiya za wanaume, Wakatoliki na Waanglikana wanazo. Zile zikitoka kwenye harambee na mazishi zikaingia kwenye malezi, kazi itakuwa nusu imekwisha.

---

Mpita Njia Kigali

Nashukuru kwa uzi. Mimi ni Mkongomani, naishi Rwanda. Huku kuna mpango unaitwa Bandebereho, wa shirika la RWAMREC. Ulianza 2013 katika wilaya nne: Karongi, Musanze, Nyaruguru na Rwamagana. Waliwachukua wanaume wenye wake wajawazito au watoto wadogo, wakakutana mara 15, na mara 8 kati ya hizo wake zao walikuwepo. Waliongea juu ya pesa ya nyumba, uzazi wa mpango, hasira, kazi za nyumbani. Watafiti walifuatilia familia 1,199, wengine waliopitia mafunzo na wengine ambao hawakupitia. Karibu miaka miwili baadaye, waliopitia walikuwa na vipigo vichache nyumbani, na wanaume wao walikuwa wanasindikiza wake zao kliniki zaidi.

Kilichonivutia: wawezeshaji walikuwa kina baba wa kijiji hichohicho. Kaskazini mwa Uganda nako walifanya kitu cha namna hiyo kwa kina baba vijana, kila mmoja akapewa mzee wa kumshika mkono. Kwa hiyo wenye ofisi za Tanzania wakisema jambo hili haliwezekani, waambieni wapande basi.

---

Fundi Baridi (mtoa mada)

Wakuu asanteni, nimeyaandika yote kwenye daftari. Hilo la kila kijana kupewa mzee wake tutalijaribu Jumapili.

---

Mgeni Geita

Samahani kwa kuingilia. Nimejiunga leo. Mke wangu alifariki Jumanne baada ya kujifungua, mtoto ana siku tisa. Niko naye nyumbani na mama yangu. Amekataa chupa tangu mchana. Sijui nianzie wapi kwenye hayo yote.

---

Fundi Baridi (mtoa mada)

Ndugu yangu, pole sana. Hayo yote yaache, vyeti na ofisi vitakungoja. Usiku huu ni mtoto tu.

Mtoto wa siku tisa aliyekataa kula tangu mchana anatakiwa kuonwa na daktari sasa hivi, usingoje asubuhi. Mfunike vizuri, mwambie mama ambebe kifuani ndani ya nguo, chukua kadi yake na kopo la maziwa unalotumia, tafuta bodaboda au bajaji mwende hospitali iliyo karibu. Ukifika usikae foleni. Mwambie wa kwanza utakayemwona: mtoto ana siku tisa, hana mama, hajala tangu mchana. Wakikuuliza mama yuko wapi, jibu mara moja na uendelee kusimama hapo hapo.

Mkishapata nafuu, uliza afisa lishe kabla ya kuruhusiwa, na uliza nesi akufundishe kumnywesha kwa kikombe. Maji yachemke, kijiko ni kile cha ndani ya kopo, kipimo ni kile kilichoandikwa kwenye kopo, usipunguze. Kinachobaki kikombeni mwaga.

Nimekutumia namba yangu kwenye ujumbe binafsi. Mwenzetu mmoja wa kikundi ana dada yake Geita mjini, nimeshampigia, anavaa sasa hivi. Niambie mnaelekea hospitali gani awakute mlangoni.